Pole haina tafsiri moja: Mwongozo wa kutuma rambirambi kwa Kiingereza

MSIBA haubishi hodi. Katika eneo la Mau Narok, Kaunti ya Nakuru, habari za kifo husambaa upesi kama ukungu unaoshuka alfajiri juu ya mashamba ya ngano na viazi. Kabla ya jua kutua, majirani huwa wamekwisha kufika nyumbani kwa mfiwa. Huyu amebeba kuni, yule maji, mwingine hana kitu mkononi ila neno moja tu: Pole.

Neno hilo halina kabila. Katika nyanda hizo baridi, zilizo zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, wanaishi Wamaasai, Wakalenjin, Waogiek, Wakikuyu na watu wa jamii nyinginezo. Aidha, ni sehemu ya Bonde la Ufa ambayo imewahi kuonja uchungu wa ghasia za kikabila, zikiwemo zile zilizofuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Mtu anapovuka mpaka wa lugha na kwenda kumpa jirani pole, anafanya jambo lililo kubwa kuliko neno lenyewe.

Taabu huanza pale mfiwa asipojua Kiswahili, au pale desturi inapodai Kiingereza. Tuseme msimamizi wa shamba aliyetoka ng'ambo amefiwa na mamake. Au binti wa kijijini ameolewa ughaibuni na mkwewe amefariki. Au mwenzako wa chuoni amempoteza nduguye na kundi zima la darasa linawasiliana kwa Kiingereza kwenye simu. Au umefika mazishini ukakabidhiwa kitabu cha rambirambi ambamo kila aliyekutangulia ameandika kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya 2010 inazitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini ofisini, shuleni na hata katika ratiba za mazishi zinazochapishwa, Kiingereza ndicho hushika usukani.

Hapo wengi hukwama. Mtu anayeweza kujaza fomu ya mkopo au kusoma maelezo ya dawa ya mimea kwa Kiingereza hujikuta kalamu imemganda mkononi. Baadhi huamua kunyamaza wakihofia kukosea sarufi. Wengine hunakili maneno mazito wasiyoyaelewa vyema. Njia zote mbili zina madhara: kimya hudhaniwa kuwa ni kutojali, nayo maneno ya kunakili humwacha mfiwa bila faraja.

Makala haya yanaeleza namna ya kuiepuka mitego hiyo. Jambo la msingi ni hili: Kiingereza hakina neno moja linalobeba yote yaliyomo ndani ya pole. Kwa hivyo mwandishi hana budi kuyasema waziwazi mambo ambayo pole huyasema kwa mkato.

Pole na 'sorry' si mapacha

Pole ni neno lenye mikono mingi. Tunampa pole aliyejikwaa, aliye mgonjwa, aliyetoka kazini amechoka, aliyeanguka mtihani na aliyefiwa. Halina hata chembe ya kukiri kosa. Ni jamaa wa 'upole' na 'polepole', na ndani yake mna ombi kwamba aliyeumia atulie.

Neno la Kiingereza 'sorry' lina kazi mbili ambazo Kiswahili huzitenganisha. Kwanza, huomba msamaha, kazi ambayo sisi huifanya kwa 'samahani' au 'niwie radhi'. Pili, huonyesha huzuni kwa masaibu ya mwingine. Asili yake katika Kiingereza cha kale inahusiana na neno la maumivu, lakini leo maana ya kuomba radhi ndiyo hutangulia akilini mwa wenyeji wengi wa lugha hiyo. Ndiyo maana mgeni kutoka Uingereza au Marekani aliyejikwaa mbele ya Mkenya, kisha akasikia 'Sorry!', aghalabu hujibu kwamba Mkenya huyo hakufanya kosa lolote. Mkenya alimpa pole, mgeni akasikia ombi la msamaha.

Katika kifo, utata huo huondolewa kwa kuikamilisha sentensi. Usiseme 'Sorry' peke yake. Sema 'I am so sorry about your mother', yaani nimehuzunika sana kwa ajili ya mamako, au 'I am very sorry for your loss', yaani nakupa pole kwa kumpoteza mpendwa wako. Sentensi ya kwanza ni bora kwa mtu unayemfahamu kwa kuwa inamtaja marehemu. Ya pili ni ya heshima na hufaa kwa yeyote, hasa kama humjui vyema aliyefariki.

Isitoshe, pole hurudiwa. Mgeni akiingia matangani husema pole kwa huyu, poleni kwa wale, kisha pole tena anapoondoka, na hakuna anayeona ajabu. 'Sorry' ikirudiwa mara tatu humfanya mfiwa aanze kumtuliza msemaji. Isemwe mara moja kwa utulivu, kisha msemaji anyamaze. Mfiwa akijibu 'Thank you', jibu limetimia. Usisubiri mlolongo wa majibizano tuliouzoea.

Aliyefiwa na aliyepoteza

Kiswahili kina kitenzi ambacho Kiingereza hakina. Tunasema 'amefiwa na babake', na kwa neno moja tunafahamu kwamba kifo kimemgusa aliye hai. Kiingereza hutumia kitenzi cha kupoteza: 'She lost her father'. Kutokana nacho hupatikana nomino 'loss', ambayo ndiyo nguzo ya rambirambi nyingi za lugha hiyo.

Hapa ndipo makosa huzaliwa. Anayetafsiri 'pole kwa kifo' neno kwa neno huandika 'Sorry for your death', kana kwamba anayesoma ndiye aliyekufa. Mwingine huandika 'Sorry for your lose', akichanganya kitenzi 'lose' na nomino 'loss'. Kosa la kwanza linavuruga maana, la pili ni la tahajia tu, lakini yote mawili hurekebishwa kwa sentensi moja: 'I am sorry about your father's death'.

Lipo pia neno 'bereaved', linalomaanisha mfiwa au wafiwa. Chimbuko lake ni kitenzi cha kale cha kupora. Ni neno zuri katika tangazo au hotuba, kama vile 'the bereaved family', lakini halitumiwi kumwita mtu ana kwa ana. Usimwandikie rafiki ukimwita 'Dear bereaved'.

Neno 'late' nalo lahitaji uangalifu. 'Your late father' ni marehemu babako, na ni sahihi kabisa. Lakini 'Your father is late' kwa masikio ya wengi ni kwamba amechelewa. Tumia 'died' au 'passed away'. 'Died' si neno la kukosa adabu. Ni la moja kwa moja. 'Passed away' ni laini kidogo, kama 'kufariki' au 'kuaga dunia' kwetu.

Mitego mitano ya sarufi na mtindo

Kwanza ni jinsia. Kiambishi 'a-' cha Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke. Kiingereza hutofautisha 'he' na 'she', 'his' na 'her'. Katika mazungumzo ya sokoni kosa hilo husameheka. Katika barua kwa mtu aliyefiwa na mamake, kumwita marehemu 'he' hufanya barua ionekane imeandikwa bila kufikiri. Ukimaliza kuandika, soma tena ukitafuta viwakilishi hivyo pekee.

Pili ni wakati. Marehemu huzungumziwa kwa wakati uliopita: 'She was a kind woman', si 'She is'. Upendo na huzuni, lakini, vingali vipo, navyo hubaki katika wakati uliopo: 'We miss her'.

Tatu ni vihusishi na wingi. Husemwa 'I sympathise with you', si 'I sympathise you'. Rambirambi kwa Kiingereza huwa katika wingi: 'my condolences'. Neno hilo lina mizizi ya Kilatini inayomaanisha kuumia pamoja. Ukitaka salamu zako ziwafikie wengine, andika 'Please give my condolences to your family'. Sentensi 'Pass my sorry to your family' ni Kiswahili kilichovishwa nguo za Kiingereza.

Nne ni nahau. Wanafunzi wengi wamekariri orodha za nahau za Kiingereza, na mojawapo ni 'kick the bucket'. Ndiyo, maana yake ni kufa, lakini ni ya mzaha. Kuitumia katika rambirambi ni sawa na kumwambia mfiwa kwamba babake ameenda mchanga. Nahau yoyote usiyoijua uzito wake iache ilale.

Tano ni majina ya ukoo. Kwetu, mama mdogo ni mama na baba mkubwa ni baba. Binamu huitwa ndugu bila maelezo zaidi. Kwa Mwingereza, 'mother' ni aliyekuzaa au aliyekulea kama mwanawe, 'aunt' ni mama mdogo au shangazi, na 'cousin' ni binamu. Kabla ya kuandika, uliza watu wa karibu aliyefariki ni nani hasa. Vivyo hivyo, wewe ukimwomba mwajiri ruhusa ya kwenda kumzika mama mdogo, eleza kwamba ni 'aunt' aliyekulea, usije ukadhaniwa umemzika mama mara mbili.

Barua yenye mambo matatu

Barua ya rambirambi ni miongoni mwa tungo za kiuamilifu wanazofunzwa wanafunzi wa sekondari wa mfumo wa 8-4-4. Katika KCSE, Karatasi ya Kwanza ya Kiingereza huwa na swali la uandishi wa aina hiyo lenye alama 20. Mwanafunzi hufunzwa anwani, tarehe, salamu, aya na hitimisho. Mafunzo hayo ni mema, ila mfiwa hasahihishi mtihani. Anachotafuta katika barua ni dalili kwamba aliyeiandika amemkumbuka yeye na marehemu wake.

Mambo matatu yatosha: taja kifo waziwazi, mkumbuke marehemu kwa jambo moja la kweli, kisha jitolee kwa jambo moja unaloweza kulitimiza. Tumrudie yule msimamizi wa shamba aliyefiwa na mamake. Baada ya 'Dear' na jina lake, mfanyakazi wake anaweza kuandika hivi:

'I was very sorry to hear that your mother died on Sunday. I remember the day she visited the farm and asked each of us our names. She was a kind woman. Please do not worry about the milk records this week. I will write them every morning and leave them on your desk. You and your family are in my thoughts.'

Sentensi hizo ni nyepesi. Hakuna hata moja inayomshinda aliyemaliza darasa la nane. Ya kwanza inataja kifo bila kuzunguka. Ya pili ina kumbukumbu ambayo hakuna kitabu kingeweza kumpa mwandishi: mama huyo aliwauliza wafanyakazi majina yao. Kwa mtoto aliyefiwa, kumbukumbu ya aina hiyo ni zawadi, kwa kuwa inamwonyesha upande wa mamake ambao pengine hakuushuhudia. Sentensi ya nne na ya tano zinapunguza mzigo mmoja halisi. Ya mwisho ni sawa na kusema 'nipo pamoja nanyi moyoni'.

Linganisha na ahadi ya 'If you need anything, let me know', yaani ukihitaji lolote nijulishe. Nia yake ni njema, lakini inampa mfiwa kazi ya kufikiria na kuomba. Majirani wa Mau Narok hawamuulizi mfiwa kama anahitaji kuni, huzileta. Barua nzuri ya Kiingereza yaweza kufuata desturi hiyo hiyo.

Kama hukumjua marehemu, usibuni kumbukumbu. Andika 'I did not meet your brother, but I know how much you loved him', yaani sikukutana na nduguyo lakini najua ulivyompenda. Ukweli mfupi una uzito kuliko sifa ndefu za kubahatisha.

Tahadhari na lugha ya matangazo

Wengi hujifunza Kiingereza cha msiba kutoka kwa matangazo ya vifo magazetini na taarifa za viongozi. Humo mna misemo kama 'promoted to glory', iliyozoeleka tangu zamani katika Jeshi la Wokovu na ambayo leo hutumiwa na familia nyingi za Kikristo nchini. Familia yenyewe ina haki ya kukitaja kifo cha mpendwa wao hivyo. Mtu wa nje akiitumia kwa mfiwa mwenye imani tofauti, aweza kuonekana anafurahia kifo.

Taarifa za viongozi nazo zina kazi yake. Kaunti ya Nakuru imepitia maafa makubwa. Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lililopinduka huko Sachangwan, Molo, liliwaka moto na kuua zaidi ya watu 100. Mnamo Mei 9, 2018, bwawa lilivunja kingo zake huko Solai na kuua zaidi ya watu 40. Katika misiba ya kiasi hicho, rambirambi rasmi huandikwa kwa niaba ya ofisi na kuelekezwa kwa umma. Haiwezi kumtaja kila marehemu. Wewe unayemwandikia mtu mmoja unaweza, na ndipo ilipo thamani ya barua yako. Usiazime sauti ya ikulu kumliwaza jirani.

Kuhusu dini, fuata imani ya mfiwa unayoijua kwa yakini. Kwa Mkristo, 'May God comfort you' au 'I am praying for you' hupokewa vyema, mradi kweli utaomba. Waislamu wana maneno yao ya msiba, na asiyeyajua vizuri anaweza kutumia yale ya kawaida badala ya kuyabananga. Kwa usiyemjua imani yake, 'You are in my thoughts' haimkwazi mtu.

Herufi 'RIP' zinaomba marehemu apumzike kwa amani. Zinamhusu marehemu, hazisemi lolote kwa aliye hai. Katika kundi la simu lenye watu mia, zitapita. Katika ujumbe kwa rafiki, andika angalau sentensi moja kamili inayomhusu yeye.

Yasiyofaa kuulizwa

Katika jamii zetu, kuuliza marehemu aliugua nini na aliugua kwa muda gani ni sehemu ya kuomboleza. Mfiwa husimulia, na kusimulia humpunguzia uchungu. Kwa wazungumzaji wengi wa Kiingereza kutoka Ulaya na Marekani, swali 'What killed him?' ni kama kuingia chumbani bila kubisha. Subiri asimulie mwenyewe. Akianza, sikiliza.

Epuka pia sentensi zinazoanza kwa 'At least', yaani angalau. 'At least she was old' humwambia mfiwa kwamba huzuni yake imezidi kipimo. 'I know how you feel' nayo hubishaniwa, maana hakuna misiba miwili inayolingana. Badala yake sema 'I cannot imagine how hard this is', yaani siwezi kukadiria ugumu unaopitia.

Suala la mchango nalo lina desturi tofauti. Hapa Kenya, rambirambi ni maneno na pia ni pesa, na tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007 mchango hufika kabla ya mchangaji. Nchini Uingereza, familia nyingi huomba mchango upelekwe kwa shirika la hisani badala ya kununuliwa maua. Kabla ya kumchangia mfiwa wa huko, uliza familia ingependa nini.

Ukichelewa, ukipokea

Habari ikikufikia baada ya mazishi, bado andika. Sentensi 'I have only just heard about your father, and I am very sorry' yaeleza kuchelewa na huzuni kwa pamoja, bila visingizio virefu. Tena, barua inayofika mwezi mmoja baadaye huwa na faida yake. Wakati huo matanga yamekwisha, waombolezaji wametawanyika, na mfiwa amebaki na nyumba iliyo kimya.

Siku nyingine wewe ndiwe utakayepokea. Jibu halihitaji urefu: 'Thank you for your kind words. They mean a lot to us.' Ukipenda, ongeza jina la marehemu na jambo moja alilolipenda. Hakuna anayetarajia ujibu siku hiyo hiyo.

Na je, neno pole lenyewe? Si lazima liachwe mlangoni. Wakenya huliingiza katika Kiingereza chao kila siku na huelewana. Kwa mgeni aliyekaa nasi muda, unaweza kumaliza barua yako kwa kuandika: 'Here we say pole. It means that we feel your pain with you.' Akilisoma, atalijua hata siku ile atakapolisikia kwa sauti kutoka kwa jirani aliyebeba kuni.